Je, kobalti yetu inaweza kupoza frigo? Jibu kwa fundi wa Katuba

Swali lilikuwa hili:

"Jambo mwalimu. Niko fundi wa frigo hapa Katuba, Lubumbashi, miaka ishirini na zaidi. Binti yangu anasoma fizikia kwenye universite. Wiki iliyopita alirudi na karatasi ya mistari ya vipimo, akaniambia kuna kobalti iliyochanganywa na metali inaitwa erbi, ukiitoa kwenye sumaku inapoa, bila gazi na bila kompresa. Nilicheka, lakini usiku usingizi haukuja. Asubuhi nikachukua kipande cha kobalti nilichopewa na shemeji anayechimba upande wa Kolwezi, nikakiweka juu ya sumaku ya bafle (spika), nikakitoa, nikakigusa: hakuna kitu. Mtoto ananidanganya? Na kama ni kweli, kwa nini anasema erbi na kobalti vinageuka sumaku kwa ghafla, lakini terbi na kobalti vinageuka polepole, na kobalti ni ile ile? Tena sisi wenye kobalti, tutapata nini humo?"

Jambo sana papa.

Mtoto hakudanganyi, na wewe ulifanya vizuri kujaribu kwa mkono wako. Ulikwama kwa sababu tatu, na ya kwanza imo katika kipande chenyewe.

Kama alichokupa shemeji ni jiwe jeusi, zito, linaloacha weusi kwenye vidole, basi ni heterojeniti. Wachimbaji wa Kolwezi na Likasi wanaitambua kwa macho tu. Kobalti imo ndani yake, lakini imefungwa pamoja na oksijeni na hidrojeni, na katika kifungo hicho elektroni zake zimekaa mbilimbili, kila moja ikifuta usumaku wa mwenzake. Ukijumlisha unapata karibu sifuri. Uliweka juu ya sumaku kitu ambacho hakina habari na sumaku.

Sababu ya pili: hata ungepata kobalti safi, ile metali ya kijivu, usingesikia baridi. Kila metali ya sumaku ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia usumaku wake unavunjika. Kinaitwa joto la Curie, kwa jina la Pierre Curie. Nikeli inakifikia karibu na nyuzi 355 za Selsiasi, chuma nyuzi 770, kobalti karibu 1,120, na hakuna elementi nyingine inayoishinda kobalti kwa hilo. Mchezo wa kupasha na kupoza kwa sumaku una nguvu jirani na kiwango hicho tu. Mwezi wa kumi Katuba ni jiko, nakubali, lakini si jiko la nyuzi 1,120.

Ya tatu ni sumaku ya bafle. Usoni pake unapata sehemu chache za kumi za tesla, na tesla ndiyo kipimo tunachotumia kwa nguvu ya sumaku. Karatasi ya binti yako, nina hakika, ilipimwa kwa tesla 2 au 5, ndani ya koili zinazopoozwa kwa heli iliyogeuzwa kioevu.

Kuna jaribio jingine ambalo litakubali leo hii. Chukua elastiki pana ya kufungia noti, iguse kwenye mdomo wa juu. Ivute ghafla hadi karibu ya kukatika, iguse tena: imepata joto. Ishike vilevile ikiwa imevutwa mpaka joto liishe, kisha iachie irudi na uiguse mara moja. Imepoa. Ndani ya mpira kuna minyororo mirefu ya atomi iliyojikunja ovyo. Ukivuta, unaipanga. Ovyo iliyoondoka kwenye minyororo haipotei, inahamia kwenye mtetemo wa atomi, na mtetemo wa atomi ndio tunauita joto. Ukiachia, minyororo inajikunja tena, inadai ovyo yake kutoka kwenye mtetemo, na mpira unapoa. Wanafizikia wanaiita hiyo ovyo entropia, na ukishaishika kwa mdomo wako hivyo, umeshika nusu ya somo la binti yako.

Sasa toa minyororo, weka visumaku. Katika metali ya sumaku kila atomi ni kisumaku. Juu ya joto la Curie visumaku hivyo vinaangalia kila upande. Leta sumaku ya nje: vinapangika, metali inapata joto. Iache itoe joto hilo nje. Ondoa sumaku: vinatawanyika, metali inapoa chini ya pale ilipoanzia. Wewe unaujua mzunguko huu kuliko mimi. Kompresa inakamua gazi, gazi linapata joto, kondensa ya nyuma inatupa joto, kisha gazi linaachiwa kupanuka na kunyonya joto la chakula. Sumaku inashika nafasi ya kompresa, metali inashika nafasi ya gazi.

Hili si jambo la jana. Mwaka 1917 wanafizikia Weiss na Piccard waliona nikeli ikipata joto la nyuzi 0.7 walipoiwekea tesla 1.5 jirani na joto lake la Curie. Mwaka 1933 Giauque na MacDougall, huko Marekani, walitumia chumvi ya gadolini kushuka hadi robo ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, ile nyuzi 273 chini ya barafu ambako hakuna baridi nyingine chini yake, na Giauque akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1949. Kwa joto la nyumbani ilibidi kungoja hadi 1976. Mwaka huo Brown, mhandisi wa NASA, alitumia gadolini, metali ambayo joto lake la Curie ni karibu nyuzi 20, yaani hewa ya kawaida ya Lubumbashi. Kwa tesla 7, na kwa kupitisha maji yenye pombe huku na huku, alipata tofauti ya nyuzi 47 kati ya upande wa joto na upande wa baridi.

Ile huku na huku ndiyo siri ya mashine zote za aina hii. Tesla moja inaipa gadolini nyuzi kama tatu tu. Frigo ya nyuzi tatu hata wewe huwezi kumuuzia mtu. Kwa hiyo metali inapangwa kama kokoto ndani ya bomba, maji yanapita kati yake kwenda wakati sumaku ipo na kurudi wakati sumaku imeondoka, na kila mzunguko unaongeza kidogo juu ya uliopita.

Nirudi kwa swali la mtoto, kwa sababu ndilo zuri zaidi katika yote uliyoandika.

Unasema kobalti ni ile ile. Hapo ndipo panapopotosha wengi, na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wakiwemo. Kobalti haina tabia moja. Ikiwa peke yake, kila atomi ni kisumaku cha magnetoni 1.7 hivi (magnetoni ni kipimo cha nguvu ya kisumaku cha atomi), na inavumilia moto niliokutajia. Ikikaa na oksijeni kwenye jiwe la shemeji, usumaku hakuna. Atomi tano zake zikikaa na moja ya metali inayoitwa samari, unapata SmCo₅, mojawapo ya sumaku kali zilizowahi kutengenezwa, inayofanya kazi mahali ambapo sumaku nyingine zimeshazimika kwa joto. Lakini zikikaa mbili kwa moja na metali nyingine, itri, yaani YCo₂, usumaku unapotea tena. Unaweza kuipoza hadi karibu na sifuri halisi na haitageuka sumaku.

Ila YCo₂ si kama jiwe. Jiwe limekataa kabisa. YCo₂ inasitasita, na kusitasita huko ndiko kunakozaa karatasi ya binti yako.

Elektroni za kobalti zinazobeba usumaku hazikai nyumbani kwao, zinatembea metali nzima. Nusu zinaangalia juu, nusu chini, na hesabu ni sifuri. Ili metali iwe sumaku, baadhi ya zile za chini lazima zigeuke ziangalie juu. Kugeuka kuna faida: elektroni zinazoangalia upande mmoja zinaepukana vizuri zaidi, na kwa kuwa zote zina chaji moja na zinasukumana, kuepukana ni nishati iliyookolewa. Lakini kuna gharama pia. Upande wa juu viti vya bei nafuu vimeshajaa. Elektroni inayohamia huko lazima ikae kiti cha bei kali, chenye nishati kubwa. Katika kobalti safi faida inashinda gharama. Katika YCo₂ gharama inashinda, kwa kidogo sana.

Umeshasukuma teksi iliyozimika pale barabara inapokata reli? Watu wanne wanasukuma, inapanda kidogo, inarudi. Wanakuja wengine wawili, tairi zinapita mgongo wa reli, na kutoka hapo gari linateremka lenyewe na nyinyi mnakimbia nyuma yake. Kobalti ndani ya YCo₂ iko upande wa huku wa reli. Ukiisukuma kidogo inarudi. Ukiisukuma vya kutosha, inapita, na ng'ambo ya pili inakuta viti vingi vya bei karibu moja, kiasi kwamba faida inashinda gharama na kobalti inabaki sumaku. Wanafizikia Wohlfarth na Rhodes walieleza mwaka 1962 kwamba jambo la namna hii linawezekana. Kupima kulichelewa, kwa sababu msukumo unaohitajika ni mkubwa mno. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Japani walitumia koili inayotoa uga mkali wa sumaku kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na wakaona YCo₂ ikiruka karibu na tesla 70. Linganisha na sumaku ya bafle yako, papa.

Hapo ndipo erbi inapoingia. Toa itri, weka erbi mahali pake pale pale, moja kwa mbili, unapata ErCo₂. Umbo la fuwele, yaani mpangilio wa atomi, halibadiliki na ukubwa wake haubadiliki sana. Tofauti ni kwamba itri haina kisumaku chake, lakini erbi inacho, na ni kikubwa, magnetoni 9. Tena kisumaku cha erbi hakitembei kama vile vya kobalti. Kimejificha ndani ya atomi, chini ya elektroni za nje, kila kimoja kwake.

Juu ya kelvini 32 hivi (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia sifuri halisi), yaani kama nyuzi 241 chini ya barafu, joto linavitikisa visumaku vya erbi na kobalti haisikii chochote cha maana. Ukishuka hadi hapo, visumaku vya erbi vinaanza kukubaliana. Vikikubaliana kidogo vinaisukuma kobalti. Si kwa uga wa kawaida wa sumaku, ni kwa njia ya elektroni zinazoguswa na pande zote mbili, na msukumo huo unapita zile tesla 70. Kobalti inavuka reli. Ghafla ina kisumaku cha karibu magnetoni moja, na hicho kinaisukuma erbi irudi kwenye mstari, erbi inaisukuma kobalti zaidi, na ndani ya nyuzi chache kila kitu kimejipanga. Maporomoko yanaanza kwa jiwe moja namna hiyo. (Kwa binti yako: katika familia hii ya metali nzito, kobalti inaangalia kinyume na erbi, kwa hiyo jumla ni tofauti ya viwili hivyo na si jumla yake. Ulizeni kwenye mtihani, wengi wanaanguka hapo.)

Kwa nini basi terbi haifanyi hivyo? Terbi nayo ina kisumaku cha magnetoni 9, na TbCo₂ ina fuwele ile ile. Jibu liko kwenye joto. TbCo₂ inageuka sumaku karibu na kelvini 230, nyuzi 43 chini ya barafu. Kwa joto hilo elektroni za kobalti zimeshatikiswa sana hata mgongo wa reli umesawazishwa. Hakuna kilima tena, kuna mteremko laini tu, kwa hiyo usumaku wa kobalti unakua kidogo kidogo kadiri ule wa terbi unavyokua. ErCo₂ kwenye kelvini 32, HoCo₂ (ya holmi) kwenye 76 hivi na DyCo₂ (ya disprosi) kwenye 138 hivi bado zinakuta kilima, nazo zinaruka. TbCo₂ na GdCo₂ (ya gadolini), ambayo inageuka karibu na kelvini 400, haziruki. Kule kuruka tunakuita mpito wa daraja la kwanza, kule kugeuka polepole mpito wa daraja la pili.

Nilipokuwa nafundisha hili kwa mara ya kwanza nilijiamini sana, nikaandika ubaoni: chini ya kelvini 150 zinaruka, juu yake haziruki. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na PrCo₂?" Praseodimi na kobalti, ndiyo hiyo PrCo₂, zinageuka karibu na kelvini 40, neodimi na kobalti karibu na 100, na zote mbili zinageuka taratibu. Nilinyamaza. Jibu ni kwamba praseodimi na neodimi ni atomi nene kuliko erbi. Zinapanua fuwele, atomi za kobalti zinaachana kidogo, na kobalti zilizoachana viti vyao vinabanana bei. Kwa hiyo kobalti yao imeshasogea hadi juu ya reli kabla hata ya kusukumwa. Joto peke yake halitoshi kueleza, ukubwa wa jirani nao lazima uhesabiwe. Sheria yangu ya ubaoni niliifuta.

Kuna swali ambalo hukuuliza lakini binti atakuuliza: kwa nini ngazi inapanda hivyo, 32, 76, 138, 230, 400, wakati visumaku vya erbi, holmi, disprosi na terbi vinakaribiana ukubwa, na cha gadolini ndicho kidogo kuliko vyote, magnetoni 7 tu? Kisumaku cha atomi kinatengenezwa na vitu viwili, elektroni kuzunguka kiini na elektroni kujizungusha yenyewe. Kobalti inasikia sehemu ya pili tu. Gadolini ina elektroni saba zinazojizungusha upande mmoja, erbi inabaki na tatu tu zisizofutwa. Ukiweka hesabu hiyo kwenye karatasi, ngazi ya joto inajipanga yenyewe, karibu bila kusaidiwa.

Sasa baridi yenyewe inatoka wapi? Wengi wanadhani inatoka kwa kobalti kwa kuwa kobalti ndiyo inayoruka. Fanya hesabu. Kisumaku cha erbi kinaweza kukaa katika hali 16. Nadharia inasema ovyo yake ya juu kabisa ni 8.3 mara logi asilia ya 16, yaani jouli 23 kwa moli kwa kelvini. Moli ya ErCo₂ ina gramu 285, kwa hiyo kilo moja inabeba kama jouli 81 kwa kelvini. Hiyo ni akiba ya erbi peke yake, na mchango wa kobalti ni mdogo ukilinganisha. Kazi ya kobalti ni kuifanya akiba hiyo itoke yote kwa wakati mmoja. Kwa tesla 5, ErCo₂ inatoa zaidi ya jouli 30 kwa kilo kwa kelvini. TbCo₂, yenye kisumaku cha ukubwa ule ule, inatoa sita au saba, kwa sababu inaitoa kwa kudondosha, ikitawanya katika nyuzi nyingi za joto.

Mruko una madeni yake. Angalia tena karatasi ya binti: mstari wa kupoza na mstari wa kupasha haupiti njia moja, kuna pengo. Pengo hilo ni histeresi, ile teksi iliyovuka reli na sasa inahitaji kusukumwa pia ili irudi. Kwenye mashine inayozunguka mara nyingi kwa dakika, pengo linakula faida. Pili, kobalti ikipata usumaku, fuwele inavimba kwa sehemu tatu au nne kwa elfu. Sikia hivyo unaona ni kidogo. Lakini fikiria bomba lililojaa kokoto zinazovimba na kunywea mara elfu mia. Zinapasuka, zinakuwa unga, unga unaziba njia ya maji. Wewe umeshafungua frigo iliyozibwa na uchafu kwenye kapilari, unajua inaishia wapi.

Frigo ya Katuba, basi, ni hapana. ErCo₂ inafanya kazi mahali penye baridi ambayo chakula chako hakitawahi kuiona. Metali za kushindana na kompresa yako ni gadolini, na kampaundi za lanthani, chuma na silikoni, ambazo zikitiwa hidrojeni joto lao la Curie linapanda hadi lile la nyumbani. Kuna aina yake moja inayotiwa kobalti kidogo badala ya hidrojeni, kwa kazi ile ile ya kupandisha joto la Curie, na humo ndimo kobalti yetu ingeingia jikoni, kwa kijiko. Na mpaka leo mashine hizo ni ghali. Sumaku ya kudumu ya kufikisha tesla moja na nusu ni kitu kizito na cha bei kuliko kompresa. Endelea kununua gazi lako.

ErCo₂ ina kazi yake kwingine. Hidrojeni inageuka kioevu kwenye kelvini 20, na viwanda vinavyotaka kuibeba kwa meli au kwa lori lazima viishushe hadi huko, kazi inayokula umeme mwingi. Kutoka joto la kawaida hadi kelvini 77 unaweza kutumia nitrojeni ya kioevu, ambayo ni rahisi. Kutoka 77 hadi 20 ndipo pagumu, na tazama ngazi yetu: holmi na kobalti kwenye 76, erbi na kobalti kwenye 32. Ukizichanganya unapata kituo chochote katikati. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya NIMS, Tsukuba, Japani, walionyesha familia ya aloi hizi inayofunika safari nzima ya 77 hadi 20, na kwa kuongeza metali nyingine kidogo waliua lile pengo la histeresi. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya kampaundi hizi katika miaka ya karibuni, kwa sababu ilionyesha kwamba mruko unaweza kulainishwa bila kupoteza baridi yote.

Umeuliza tutapata nini. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inaishia kwenye betri. Kilo ya ErCo₂ ina gramu 413 za kobalti, lakini mashine za hidrojeni hazitahitaji tani za kushindana na betri hata kidogo, na kinachopanga bei yake ni erbi na holmi, ambazo zinatoka China kwa wingi. Sitakutia matumaini ya uongo.

Ila Katanga imeshabadilisha historia ya sumaku mara moja, bila kukusudia. SmCo₅ ilitokea mwaka 1967 kwa kazi ya Karl Strnat huko Marekani, na kwa miaka kumi ilikuwa mfalme. Theluthi mbili ya uzito wake ni kobalti. Mei 1978 vita vikaingia Kolwezi, nchi ikiitwa Zaire na jimbo hili likiitwa Shaba. Bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa, na watengeneza sumaku wakashtuka kwamba kazi yao yote inaning'inia kwenye mji mmoja. Wakaanza kutafuta sumaku ya chuma. Mwaka 1983 Masato Sagawa wa Sumitomo na John Croat wa General Motors, kila mmoja kwa njia yake, walitoka na neodimi, chuma na boroni. Sumaku hiyo ndiyo imo leo kwenye simu yako na kwenye mashine nyingi za kujaribia frigo za sumaku. Wazee wa Kolwezi wanaikumbuka 1978 kwa mambo mengine, mazito kuliko sumaku, na sisemi zaidi.

Mwambie binti aniletee karatasi yake. Kama alipima pia HoCo₂, aangalie chini kabisa karibu na kelvini 16. Ataona kidato kidogo. Asidhani chombo kimekosea: hapo visumaku havipotei wala haviongezeki, vinageuza tu mwelekeo ndani ya fuwele, na kidato hicho kinastahili ukurasa wake mwenyewe kwenye kazi yake.

Na lile jiwe la shemeji, papa, litoe nyumbani. Heterojeniti ya upande wetu wakati mwingine inabeba urani kidogo, na unga wake si wa kuvuta. Usiliweke kwenye frigo ya mteja kwa majaribio, wala watoto wasilichezee, na nawa mikono kwa sabuni baada ya kulishika.